Cherehani Nje ya Geti la Shule

Adrien ni fundi cherehani, Mrundi, mwembamba, mbishi hata akiwa usingizini. Tunapanga vyumba kwenye uwanja mmoja huku Alexandra, mtaa wa wanyonge, yeye na mkewe Spès chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja sijawahi kumshinda hata kwa mabishano ya bei ya vitunguu.

Mwaka juzi binti yao, Tania, alikuwa anamaliza shule ya msingi. Baba mtu akaapa kwamba mtoto atasoma sekondari ng'ambo ya barabara kuu, upande wa Sandton kwa matajiri, kwenye shule ya serikali yenye maabara, maktaba na bwawa la kuogelea. Ya serikali, nisikilizeni vizuri. Na ile ya mtaani kwetu, ambako watoto wanasomea ndani ya kontena la bati na kugombania viti, nayo ni ya serikali hiyohiyo. Jambo hili linanikera mpaka leo, wala siombi radhi.

Kupata nafasi, wanaangalia mtoto analala wapi, au mzazi anafanya kazi wapi. Wenye nyumba kule ng'ambo wanaingia bila jasho. Spès alishauri wafanye kama wengine, waazime anwani ya Mkenya wa benki anayeishi kule, ambaye yeye humfulia nguo. Adrien akakataa.

"Miye sidanganyi serikali. Nitahamisha kazi."

"Utahamia wapi, weye? Benki?"

"Pale getini."

Kesho yake akafunga cherehani kwenye toroli, akavuka daraja, akaiweka kwenye njia ya miguu mbele ya geti la shule. Akatundika kibao kwenye uzio: FUNDI. Tatizo ni kwamba mtaa ule hakuna anayetembea kwa miguu. Watu wanapita ndani ya magari, vioo juu. Wiki ya kwanza aliyemtembelea ni mbwa mmoja, naye alikuja kukojolea toroli. Spès alicheka mpaka akaketi chini.

Siku moja mkuu wa shule, Bi Venter, akatoka kumtazama. Ni mama mrefu, wa heshima zake, anayeongea polepole kama anasomesha imla.

"Bwana, hapa si mahali pa kazi. Hapa ni njia ya miguu."

"Madam, nina cherehani, nina mkasi, nina kibao. Kimebaki nini?"

"Wateja," akajibu, akarudi ndani.

Neno hilo lilimchoma. Jioni alituhadithia tena na tena, na kila akirudia, Bi Venter alizidi kuwa mkali.

Basi siku ambayo shule iliwaalika wazazi waje kuitazama, nikampelekea gauni langu alipunguze kiuno, ili nami nihesabiwe mteja. Huko ndani magari yamejaa, kipaza sauti kinanguruma. Mara tukaona bwana mmoja mnene anatoka getini mbio, amejifunga bendera ya shule kiunoni. Alikuwa naibu mkuu. Ameinama jukwaani kuokota karatasi, suruali ikapasuka nyuma yote.

"Eish, fundi, haraka!"

Adrien hakuwa na haraka. Aliigeuza ile suruali, akasikitika, akachagua uzi. Mwenye suruali akajibanza ukutani, na mimi nikamshikia bendera kama pazia, nikitazama mawingu kwa adabu. Ndipo Bi Venter akafika, uso umemwiva. Wazazi walikuwa wanamsubiri msemaji.

"Unafanya nini huku nje?"

"Niko kwa fundi," naibu wake akajibu kwa unyonge.

Adrien akasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. "Madam," akasema kwa upole wa kuudhi, "huyu ni mteja wangu. Tafadhali subiri zamu."

Bi Venter akaitazama suruali, akakitazama kibao, akanitazama mimi na bendera yangu. Midomo ikaanza kumcheza kwa kicheko, akageuka haraka tusimwone. Baadaye ofisi ya elimu ilipouliza kama kweli yule mzazi anafanya kazi pale, yeye mwenyewe alisema ndiyo. Tania akaingia. Adrien akatembea uwanjani kwetu kama mtu aliyeshinda ubunge, na sisi tukamwacha.

Mwaka huu, asubuhi moja, nimekaa kwake pale getini nangoja zipu, akatokea jirani yetu Orpha amejitwika meza yake ya kuuzia nyanya. Orpha naye anapanga kwenye uwanja wetu, na mwanawe Sagesse anamaliza shule ya msingi. Hakuwa na haja ya kueleza. Adrien akaruka kutoka kitini.

"Hapana, Orpha! Tukiwa wengi hapa polisi watatufagia wote, na Tania yuko ndani. Sagesse asome shule ya huko kwenu."

Alikuwa na hofu ya kweli.

Orpha akaitua meza. "Kwetu ni wapi, Baba Tania? Mlango wangu na wako inatazamana."

Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye robot, zile taa za kuongozea magari. Adrien akafungua kinywa kubishana, nami nikajiweka sawa kusikiliza. Badala yake akaivua futi yake ya kupimia shingoni, akaikunja mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwonea huruma. Kisha akaisogeza cherehani pembeni, akashika upande mmoja wa meza, akamwambia Orpha ashike mwingine.