Nyumba ya Mtaa wa Alizeti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mthamini Mkuu wa ofisi yetu ya Kitale hakunionyesha meza. Alinipa tepu ya kupimia na buti za mpira, akasema kuna nyumba ya kwenda kuona kabla mvua haijaanza. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino. Nilidhani kuthamini nyumba ni kazi ya kuketi na kupiga hesabu.

Tulipofika alisimama mlangoni akaniacha niingie peke yangu. "Mwenye nyumba atataka kukuonyesha sebule," alisema. "Wewe uliza choo, halafu uliza paa." Nikafungua kila mfereji. Nikatazama dari kama lina madoa ya maji. Nikatembea mpaka pembe nne za ploti kutafuta mawe ya mpaka, ambayo wapimaji ardhi huyazika ili jirani asisogeze ua usiku. Nilirudi ofisini nikiwa na matope magotini na furaha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa nimepata kazi ninayoipenda.

Vijana wanaoanza kazi hii leo wana simu zinazopima chumba kwa mwanga tu. Ni vizuri. Lakini jambo lenyewe halijabadilika. Tunatafuta thamani ya soko, yaani bei ambayo mtu anayeuza bila kubanwa angepatana na mtu anayenunua bila kubanwa. Tunaipata kwa kulinganisha: nyumba za jirani zinazofanana na hii ziliuzwa kwa kiasi gani siku za karibuni? Kisha tunaongeza hapa, tunapunguza pale. Kuna na bei nyingine, ya kuuza kwa haraka, ambayo ni bei ya mtu aliyebanwa. Hiyo benki inayokopesha huitaka iandikwe chini ya ile ya kwanza, na wateja wengi hawaisomi.

Ukiangalia vizuri, utaona kwamba sisi tunapima jana. Hakuna kipimo cha kesho. Mthamini Mkuu aliniambia hivyo mapema, nami nikaona ni maneno ya mtu aliyechoka.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa tawi la Bungoma. Meneja wa Tawi alikuwa mtu mkali kidogo, mnyoofu, aliyetuita sote "daktari" akifurahi na kwa majina yetu kamili akikasirika. Wakati huo nje ya mji kulikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, na ng'ambo yake mtaa ambao wafanyakazi walijijengea. Watu waliuita Alizeti. Kwa mthamini ulikuwa mtaa mtamu. Nyumba zilinunuliwa hata kabla rangi haijakauka, na maji ya pampu ya kiwanda yalifika mpaka jikoni.

Huko ndiko nilikokutana na Mzee Wafula, fundi wa umeme wa kiwandani. Yeye na mkewe, Mama Sella, walijenga nyumba yao chumba kwa chumba kwa muda mrefu sana. Alikuwa anakaribia kustaafu, naye alitaka kuuza ili anunue shamba huko Saboti, afuge ng'ombe.

Nilipompelekea taarifa ya thamani, aliisoma akiwa amesimama. Halafu akaketi.

"Mama Sella, njoo uone," aliita. "Ati hii ni nyumba yetu!"

Mama Sella alikuja akijifuta mikono. Akatazama kile kiasi, akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee akanigeukia.

"Madam, kama ni wewe, ungeuza sasa ama ungengoja?"

Meneja wa Tawi alikuwa ametuonya vikali juu ya swali hilo. "Daktari, mpe thamani. Usimpe ushauri. Siku ukikosea, atakuja kukutafuta." Kwa hiyo nilimwambia Mzee uamuzi ni wake.

"Basi tungoje kidogo," akasema. "Mwaka jana ya jirani ilienda chini ya hii. Mwaka ujao si itapanda tena?"

Nani angemlaumu? Mtaa mzima ulikuwa ukisema hivyo.

Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Kwanza walisema ni ukarabati. Baadaye walinzi peke yao ndio waliobaki langoni, kisha hata wao wakaondoka. Wafanyakazi waliokuwa wamepanga walirudi kwao, na waliokuwa wamejenga wakatoa nyumba zao sokoni, wote kwa mpigo mmoja. Nilikuwa napita Alizeti naona vibao vya "Inauzwa" kila lango la pili. Mtu akipunguza bei leo, kesho yake jirani anapunguza zaidi ili awahi. Na mimi kila niliporudi kulinganisha, ilinibidi nitumie zile bei za waliokata tamaa, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwapo.

Mzee Wafula alipiga simu ofisini akanitaja kwa jina. Mama Sella alikuwa mgonjwa wa figo, anasafishwa damu mara kwa mara, na sasa nyumba haikuwa ya kununulia ng'ombe tena, bali ya kulipia matibabu. Nilikwenda. Nikapima vyumba vile vile, ukuta ule ule. Hakuna hata ufa ulioongezeka. Mama Sella alikuwa amelala sebuleni, akanisalimia kwa kuinua vidole.

Nilipompa Mzee ile taarifa mpya, aliisoma mara mbili. Kisha akasema polepole, asisikike na mkewe, "Andika ile ya kwanza. Tafadhali. Nyumba ni ile ile."

"Siwezi, Mzee."

"Mimi nimetoa nini kwa hii nyumba? Hata mlango sijatoa. Sasa hiyo pesa imetoka wapi ikaenda wapi?"

Nimeulizwa mengi kazini. Hilo peke yake ndilo lililonishinda kabisa. Nilijua kuelezea soko, wanunuzi, kiwanda. Lakini nilimtazama yule mtu na mikono yake, nikafunga faili langu.

Aliuza. Walionunua walikuwa vijana wawili, Brenda, mwalimu wa sekondari aliyezaliwa Saboti, na mumewe Kevin, dereva. Walichukua mkopo wa benki. Siku ya kukagua walikuwa wakishikana mikono kila chumba, wakinong'ona pa kuweka kitanda cha mtoto. Kulikuwa na uvumi kwamba mwekezaji mpya anakuja kufungua kiwanda.

"Madam," Brenda aliniuliza, "hapa si ndio chini kabisa? Haiwezi kushuka tena?"

"Sijui," nilimwambia. Alicheka, akidhani natania.

Mzee Wafula alikuwa pale. Aliwatazama wakicheka ndani ya nyumba yake, akatoka nje bila kuaga. Nilimfuata mpaka langoni. "Wameniibia," akasema. "Wameona nimebanwa, wakaniibia." Mama Sella hakumaliza mwaka.

Mwekezaji hakuja. Walikuja watu wa vyuma chakavu, wakapakia mashine kwenye malori, na pampu ikaenda nazo. Alizeti ikakosa maji. Mtaa usio na maji hauna bei ya kuzungumzia; waliokuwa na pa kwenda walifunga milango wakaenda. Brenda alihamishwa akafundishe Kitale. Wakawa wanalipa kodi ya nyumba Kitale, na bado wanalipa mkopo wa nyumba wasiyolala. Walipotafuta mnunuzi, wale wachache waliokuja waliuliza maji, wakapanda pikipiki zao. Waliposhindwa kulipa kwa wakati, benki ilinituma tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuandika thamani ya nyumba ile, na safari hii ilishuka chini ya deni lenyewe. Yaani hata benki ikiichukua na kuiuza, bado vijana wale wangedaiwa. Mnada uliitishwa mara mbili. Hakuna aliyenyanyua mkono. Baadaye wezi waling'oa madirisha, kisha mabati.

Taarifa ile ya tatu ndiyo iliyokuwa yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Waliniandalia keki ofisini. Meneja mpya, kijana mzuri, aliniomba niseme neno la kuwatia moyo walio nyuma yangu. Nikawaambia wavae buti. Sasa naishi Kitale, na watu bado hunipigia simu: tujenge, tununue, tuuze? Nawaambia wafikirie maji na kazi za watu wa hapo kabla ya kufikiria bei. Zaidi ya hapo sina. Nilitumia maisha yangu yote nikiwaambia watu nyumba zao ni za kiasi gani, na sijawahi kumwambia hata mmoja kwa wakati wa kumsaidia.

Juzi juzi nilienda Kamukuywa siku ya soko, kutafuta maharagwe ya mbegu. Nyuma ya maduka nikamkuta Mzee Wafula kwenye kibanda, anatengeneza pasi na redio. Amekonda sana. Alinipa stuli, tukaongea habari za mvua, halafu akauliza kile nilichojua atauliza.

"Na ile nyumba? Wale vijana wanaendeleaje nayo? Walitajirika?"

Nilimweleza yote. Pampu, mkopo, mnada, mabati. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake, akaiweka chini.

"Kwa hivyo wao pia."

"Wao pia, Mzee. Bado wanalipa."

Alisogeza redio pembeni. Kisha akaniuliza kama nina namba ya mwalimu. Nilimpigia Brenda nikamwomba ruhusa, akakubali, nikampa Mzee simu. Aliweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake yamechoka.

"Haloo, mwalimu. Ni mimi Wafula. Ule wa nyumba."

"Mzee." Brenda alishusha sauti. "Kama ni mambo ya nyumba, hakuna kitu imebaki."

"Najua. Madam ameniambia. Mimi nilikuwa nakukasirikia wewe na bwana yako miaka hii yote. Nilikuwa naambia watu mliniibia. Pole, mwalimu. Pole sana."

Tulisikia sufuria ikiwekwa mahali, na mtoto akiulizia chai. Kisha Brenda akasema, "Mzee, yale maua ya manjano kando ya mlango wa nyuma, nani alipanda?"

"Mama Sella."

"Nilikuwa nayamwagilia. Hata wakati maji ilikuwa ya kununua."

Mzee akafunika uso kwa kiganja. "Basi," akasema. "Basi, mwalimu."

Hakuna aliyekata simu. Simu ilibaki wazi juu ya meza katikati ya waya na misumari. Mimi niliinuka nikatoka nje, nikasimama juani nikingoja wamalize.