Sakoshi ya Mnada Iliyokataa Kufunguka Altareni

Kuna watu hapa Nyamianda, mtaa wetu wa Uvira, ambao hadi leo wakiniona na sakoshi, yaani mkoba wa kike, begani wanashusha macho ili wasicheke, na siwalaumu, maana aibu niliyoipata kwenye harusi ya Neema niliipata mbele ya kanisa zima, wakwe kutoka Runingu wakiwa benchi la mbele.

Neema ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea minye, mimi mwenyewe, kwa hiyo alipopata mchumba akaniomba niwe mareni wake, yaani msimamizi wake, na kazi ya mareni ni kusimama nyuma ya bibi harusi na kutunza pete. Basi. Mtu yeyote angeiweza. Lakini nikajiambia siwezi kusimama mbele ya wakwe na sakoshi yangu ya siku zote, ile iliyochunika pembe, na hapo ndipo nilipoingia kwenye mtandao wa mnada.

Nikakuta sakoshi nyeusi yenye vyuma vya rangi ya dhahabu, ya kampuni kubwa ya Milano (Milano nimeisikia kwenye mpira tu), na muuzaji ameandika "orijinali kabisa". Mume wangu, Baba Espoir, ambaye hata betri ya redio hainunui kabla ya kuigeuza-geuza kama daktari, akachungulia simu.

"Uyu muntu unamujua?"

"Hapana, lakini iko na picha mingi."

"Zote za inje. Muombe akutumie ya ndani, na ya mishono. Kama iko ya kweli, atatuma."

Nikaanza kuandika ujumbe wa kuomba hiyo picha, Mungu ni shahidi, lakini kabla sijautuma akatokea mtu anayejiita Bella akapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha. Sasa niambieni, mtu ataombaje picha ya mshono wakati Bella anamnyang'anya sakoshi? Ujumbe nikaufuta, nikapanda na Bella mpaka akachoka, simu ikaniandikia "umeshinda", nikazunguka jikoni kama mtu aliyechaguliwa mbunge, bila kujiuliza ni ushindi gani huo ambao mshindi ndiye anayelipa kuliko wote.

Sakoshi ikaja na basi kupitia Bujumbura, inanuka gundi. Nikasema hiyo ndiyo harufu ya ngozi ya Ulaya. Baba Espoir akanionyesha kwamba jina la kampuni limeandikwa kwa njia moja mbele na kwa njia nyingine kwenye kifuniko. "Kule wanaandikaka hivyo," nikamjibu. (Kule wapi, sijui.)

Siku ya harusi jua la Uvira lilikuwa halina huruma, na kanisa limejaa. Pete nilizitia ndani ya sakoshi, nikafunga zipu. Wakati ukafika, padri akanyoosha mkono. Nikavuta zipu, ikasogea kidogo, ikakaa.

"Mama, pete ziko wapi?"

"Ziko humu, padri. Zinakuja." (Zinakuja, kama vile zina miguu.)

Kwaya ikaona kimya kimezidi, ikaanza wimbo, ikaumaliza, ikaurudia. Baba Espoir akatoka benchini akashika upande mmoja, minye mwingine, tukavutana pale altareni kama watu wanaogombania kuku, mpaka kishikio cha zipu kikabaki mkononi mwangu peke yake.

"Tungojee," padri akasema polepole. "Mungu hana haraka."

Mungu hakuwa na haraka, lakini mama mkwe wa Neema alikuwa nayo. Akanyanyuka kwenye benchi, akasema, "Weye, leta," akaikamata sakoshi kwa mikono yake ya kulima muhogo, akaipasua mara moja. Ile ngozi ya Milano ilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya karatoni ya sabuni, na karatoni ikaanguka miguuni pa padri, picha ya mama anayefua nguo ikiwa juu. Pete zikabiringika chini ya mabenchi. Wanaume wenye suti wakapiga magoti kuzitafuta, na minye, kwa kutojua nifanye nini, nikamshika Neema mkono nimwombe radhi. Rangi ya sakoshi ilikuwa imeyeyukia kwenye jasho langu. Alama nyeusi za vidole vyangu vyote zikabaki kwenye mkono wa gauni jeupe.

Neema midomo ilimtetemeka tu, sikujua kama ni kilio au kicheko, na hilo ndilo liliniuma kuliko vicheko vya nyuma.

Pete zilipatikana, ndoa ikafungwa. Baadaye nikarudi kwenye mnada ili nimtukane muuzaji, nikakuta ameshanifungia nisimwandikie, lakini sakoshi nyingine iko pale, kwa picha zilezile, na Bella anapandisha bei dhidi ya mama mwingine. Ndipo nikaelewa. Bella na muuzaji ni muntu mumoja. Nilikuwa nimeshindana na mwenye mali.

Juzi Neema alikuja kunitembelea, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Mama mukubwa, tunataka ukuwe mareni wa mutoto kwenye ubatizo."

Nikalia, sifichi. Akanipanguza machozi kwa kitenge chake.

"Lakini ukuje mikono mitupu."

Nimekubali. Tena nimeapa: kitu nisichokishika, nisichokifungua na kukifunga mwenyewe, hakitaingia tena kanisani pamoja na minye.