Usiku Wakwe Walipokuja Kutazama Zohali

Watu wa hifadhi walimwita Mama Zohali, na jina lilimkaa. Kila mwisho wa juma, jua likishatua, yeye ndiye aliyewapokea wageni kwenye uwanja wa nyasi katikati ya hifadhi, mahali ambapo hairuhusiwi kuwasha taa ili nyota zionekane vizuri. Aliwapanga foleni mbele ya darubini kubwa, akawatania wenye simu: "Zima hiyo, baba, nyota hazitaki kumulikwa." Alianza kazi pale kama mkata tiketi. Darubini alijifunza kwa kung'ang'ania tu, na aliipenda kupita kiasi.

Sasa macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Nyota ndogo zilikuwa zimeshapotea, kubwa zimebaki kama madoa ya mafuta kwenye kitambaa. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji wake si wa kutisha. Mama Zohali akaitikia, akarudi nyumbani, akafunga mdomo. Hakuogopa kisu sana. Alichoogopa ni kurudishwa dirishani kukata tiketi, na darubini yake ishikwe na mwingine. Akawa anailenga kwa mazoea na kusimulia aliyoyaona zamani. Wageni walishangaa na kushukuru kama kawaida, naye akajiambia mambo ni shwari.

Ndipo wakwe walipotaka kuja. Binti yake alikuwa ameolewa karibuni, na wazazi wa mumewe walikuwa wamesikia sifa za mkwe wao anayeonyesha watu sayari. Siku hiyo alisuka nywele na kupiga koti lake pasi mara mbili. Dereva wa hifadhi, kijana aliyezoea kumsaidia kufunga darubini, alikuwa likizo. "Nitamudu," Mama Zohali alimwambia msimamizi.

Zohali ilikuwa chini upande wa mashariki. Aliona doa linalong'aa huko, akalilenga, akakaza skrubu.

"Karibu, mkwe," alimwambia mama wa mume wa bintiye. "Hiyo ndiyo Zohali. Tazama pete zake, zimeizunguka kama ukingo wa kofia."

Mkwe aliinama, akabadilisha jicho. "Naam," alisema. "Naziona. Maajabu ya Mungu!"

Baba mkwe naye akaziona. Mume wa bintiye akaziona. Ilipofika zamu ya binti, alichelewa kuinua uso, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nzuri, mama." Mama Zohali alijaa furaha, akazidi kueleza barafu na mawe yaliyomo kwenye zile pete.

Nyuma yao alikuwepo fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye miwani. Alitazama, akafuta miwani, akatazama tena.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi naona vyuma vimepishana, na taa nyekundu. Si ule mnara wa simu kule kilimani?"

Kwenye foleni mtu mmoja akacheka, akajikaza. Wakwe wakatazama nyasi. Mama Zohali aliinamia darubini, akapepesa macho, na hakuona ila wekundu uliotapakaa. Alitamani ardhi ipasuke. Alimwachia msimamizi wageni, akaingia stoo ya vifaa na kuuegemea mlango kwa ndani.

Aliyemfuata ni mkwe, yule mama wa mume wa bintiye. "Mkwe, fungua. Na mimi nina aibu yangu."

Akafungua.

"Sikuona pete yoyote," mkwe alisema. "Nilidanganya ili nisikuvunjie heshima, na wenzangu wakanifuata."

"Wewe ulidanganya kwa adabu," alijibu Mama Zohali. "Mimi nimedanganya kwa woga. Sioni, mkwe. Siku nyingi sioni."

Walikaa juu ya masanduku, bega kwa bega, mpaka binti alipokuja kuwaita.

Dereva aliporudi likizo, Mama Zohali alimweleza yote, akidhani anampa habari mpya. Kijana akainama.

"Shangazi, mimi nilijua. Kila ukigeuka kuongea na wageni nilikuwa nairudisha darubini mahali pake."

Hilo lilimchoma kuliko kicheko cha foleni. Miezi yote aliyojiona fundi, alikuwa akibebwa kama mtoto mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akasema yote mwenyewe, bila kujitetea.

Alifanyiwa upasuaji, jicho moja kisha la pili, na mkwe ndiye aliyemshika mkono kutoka hospitali. Alikata tiketi kwa muda, halafu akarudishwa uwanjani, safari hii yeye na dereva kwa kupokezana. Usiku wa kwanza alitazama kabla ya wageni. Pete zilikuwa pale, kali, kama zimechongwa. Hakufurahi kama alivyotarajia. Aliwafikiria watu wa zile siku ambazo dereva hakuwepo, waliosafiri mbali, wakatazama giza au tawi la mti, wakasema wameona kwa sababu yeye alisema kuna kitu. Hakuwa na njia ya kuwaita warudi.

Siku hizi mgeni akisema "naona," Mama Zohali hamwachi hapo. Humuuliza kwa upole, "Unaona nini? Niambie," na husubiri jibu.