Ulinzi wa Macho

Wajukuu wangu hunicheka kwamba nakodoa macho. Mgeni akiingia, kabla hajaketi nimeshamkazia uso, namkagua macho, midomo na viganja. Binti yangu ameniambia mara nyingi, mama, unatisha watu. Acha watishike. Nilipokuwa msichana nilifundishwa kutotazama, nikafaulu kuliko wenzangu wote, na kwa kufaulu kwangu mtu alikufa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilitoka kwetu Usevya, nyumba ya wakulima wa mpunga waliosali rozari kila jioni, nikaingia kwenye nyumba ya watawa kama mnovisi, yaani msichana anayepimwa kabla ya kuweka nadhiri. Nyumba yenyewe siitaji. Haipo tena, na wakubwa wake wengi wamelala. Ilikuwa kilimani upande wa ziwa, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Karema. Tulikuwa wasichana tisa.

Mlezi wetu alikuwa sista mwembamba mwenye sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera hadi leo, maana mbaya ningemchukia nikapumzika. Alitufundisha kwamba usafi wa moyo hauibiwi mlangoni, unaibiwa dirishani, na dirisha ni jicho. Mmoja wetu alithubutu kusema kwamba wazee husema macho hayana pazia. Mlezi akamjibu, "Basi nyie ndio mtayashonea."

Tukayashonea. Tulitembea tukitazama chini, hatua tatu mbele ya miguu. Kioo hakikuwepo nyumba nzima, na dirisha la sakristia, chumba cha mavazi ya misa, lilipakwa chokaa ili mtu asijione akipita. Wanaume walikuwa wachache, padri na dereva wa lori, na hao tuliwajua kwa viatu vyao. Lakini hatari kubwa, alisema mlezi, ilikuwa sisi kwa sisi. Aliuita urafiki wa pekee, pale wasichana wawili wanapopendana kuliko wanavyowapenda wengine. Moyo ukishalegea kwa mmoja, alisema, mwili haukawii kufuata. Kwa hiyo hatukutembea wawili wawili, na hatukutazamana usoni bila sababu.

Simsingizii mtu, mimi nilizipenda sheria hizo. Nina hasira ya kushindana tangu tumboni, na niliutaka utakatifu vile wengine wanavyotaka kumaliza kuvuna kabla ya jirani. Tena nilijijua. Siku moja dereva alipandisha magunia, nikajikuta nimeitazama mikono yake mpaka gunia la mwisho. Niliona aibu nusura nilie. Wiki ile yote nilitembea na punje za mahindi ndani ya kiatu, kila hatua inichome, nikumbuke.

Kitanda cha pili, jirani na changu, alilala msichana wa familia iliyokimbia kutoka Burundi. Wazazi wake walikuwa wamegawiwa shamba porini upande wa Mpanda, wanafyeka upya wakiwa watu wazima. Nilikaa naye karibu miaka miwili, na nilichokijua kwake ni miguu. Kidole cha pili kilikuwa kirefu kuliko gumba, na kidole kidogo kilimlalia mwenzake kama mtoto aliyesinzia. Nilimpenda. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya mambo ya kazi, lakini nikisikia hatua zake kwenye ujia nilifurahi, kisha nikaogopa kwa kufurahi.

Ilibaki miezi miwili tuweke nadhiri. Tukiwa kijitoni tunafua vitambaa vya altare, wengine wamesogea mbele, alininong'oneza.

"Dada, hebu niangalie usoni."

Nikaendelea kusugua.

"Kidogo tu, dada."

Nilisali Salamu Maria tatu kimyakimya, nikainua beseni langu nikahamia jiwe la mbali. Siku zilizofuata nilihisi macho yake mezani, kanisani, kila mahali. Siku ya nne alinishika mkono ujiani. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Nitazame macho, nakuomba. Nina shida."

Nilijua, au nilifundishwa kujua, moto wa namna ile ni wa nini. Nikajinasua kwa nguvu, nikaondoka bila kuinua uso.

Kila Ijumaa mchana tulipiga magoti mbele ya mlezi, kila mmoja akasema makosa yake, kisha mwenye kujua kosa la mwenziwe alilitaja kwa upendo, ndivyo tulivyoambiwa. Zamu yangu ilipofika nilisema ninamshtaki dada wa kitanda cha pili kwa kunifuatafuata na kutaka nimtazame.

Mlezi akamuuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli, Sista."

"Ulitaka nini kwake?"

"Nilitaka anitazame tu."

Nilisikia wenzangu wakivuta pumzi. Leo najua kwa nini hakusema zaidi. Msichana mgonjwa alirudishwa kwao, nadhiri akazisahau, na yeye kwao kulikuwa turubai na visiki. Alitaka kwanza awe na hakika. Lakini siku ile nilimwona ni mtu aliyeumbuka, na nafsi yangu ilifurahi.

Aliadhibiwa kula akiutazama ukuta, kulala peke yake chumba cha karibu na ghala, na kutosemeshwa na mtu mpaka sikukuu inayofuata. Mimi nilisifiwa mbele ya wote. Mlezi aliniita mlinzi mwema. Utamu wa neno lile niliulamba wiki nzima, sitadanganya.

Siku zikapita. Mara mbili nilimsikia akitapika nyuma ya ghala. Nikadhani anafunga kupita kiasi kwa majuto, nikamwombea, nikaenda zangu shambani. Nilifika hatua kumi kutoka alipokuwa. Ningegeuza shingo tu.

Asubuhi moja, tukinywa uji, kiti cha pale ukutani kilianguka naye akaanguka nacho. Sista mzee aliyetunza dawa alipiga magoti, akamgeuza chali, akamfungua kope. Jicho lilikuwa la njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Uso wote ulikuwa umepigwa rangi hiyo, na mashavu hayakuwepo. Tulimzunguka wasichana wanane, tukamkodolea macho. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyetukataza.

Walimlaza kwenye godoro nyuma ya lori waende naye hospitali Mpanda. Ilikuwa masika, barabara imejaa tope. Dereva alituambia baadaye kwamba walipofika Kabungu alikuwa ameshakata roho.

Jioni yake sista wa dawa alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nilisimama pale na sahani mkononi. Hakuficha! Alionyesha kijitoni, akaonyesha mezani, akaonyesha ujiani. Lakini kusema hivyo ilikuwa kujitaja mimi, nikakaa kimya. Kukaa kimya nako nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Mama yake alikuja wiki iliyofuata kuchukua vitu vyake, rozari, kanga mbili na sweta. Alikuwa amepanda magari ya watu na kutembea siku mbili, tope limemfika magotini. Mlezi alizungumza naye kwanza, akamwambia mwanawe alikufa msafi. Yule mama akaitikia kwa adabu. Kisha akaomba kuonana na aliyelala karibu naye, nikaitwa.

Tulisimama kwenye baraza. Niliinamisha macho kama desturi.

"Wewe ndiye ulikuwa jirani yake?"

"Ndiyo, mama."

"Siku za mwisho uso wake ulikuwaje? Alikuwa amekonda?"

Nilitafuta kichwani mwangu uso wake wa kabla ya siku ile ya uji, sikuupata. Miaka miwili, sikuwa nao. Nikasema, "Sijui, mama."

Nadhani alifikiri sikusikia vizuri Kiswahili chake. Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Kaka yake alikufa hivihivi tukiwa njiani tunakimbia. Nilimwambia huyu, umwana wanje, mwanangu, ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai, usikae. Macho yako mwenyewe huwezi kuyaona, mwombe mtu akuangalie. Akikwambia ni ya njano, sema haraka upelekwe kwa daktari. Aliponiandikia kwamba hapa kwenu hakuna kioo, nikamjibu, basi mwombe mwenzio." Akazikunja kanga za marehemu. "Alikuwa msikivu sana. Hakumwomba mtu?"

Mlezi alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Sikungoja aseme neno.

"Aliniomba mimi," nikasema.

"Ukamwona?"

"Sikumtazama, mama. Aliniomba mara mbili."

Nilingoja kofi, nikalitamani. Halikuja. Nilisikia tu pumzi yake ikipanda na kushuka, na kanga za marehemu zikikunjwa upya mikononi mwake.

"Inua uso," akasema. "Nikuone."

Nilijaribu, Mungu ananijua. Shingo ilikataa. Niliona miguu yake kwenye saruji, imekaukiwa na tope, kidole cha pili kirefu kuliko gumba, kidole kidogo kimemlalia mwenzake. Nilibaki nimeitazama hiyo miguu mpaka alipoigeuza, akashuka ngazi, akaenda zake.