Mbwa Niliyesema Simjui

"Mwanangu, huyo mdudu alianzia kwa mbwa au alianzia kwa kondoo?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza Bibi Naetwe mbele ya kijiji kizima, mimi nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi, sketi imechanika, mate ya mbwa yananitiririka kidevuni, na sikuwa na jibu. Mimi! Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu tangu niliporudi kutoka chuoni Kampala. Naona haya hata sasa, lakini mmenibana mno, basi sogeeni niwaambie mara moja tu.

Enzi hizo za Mwingereza, kule kwetu Upareni, milimani juu ya Gonja, mbwa hakuwa wa kuchezea. Nyani wakishuka shambani asubuhi mbili tatu mfululizo, umekwisha, mwaka huo mtakula ahadi. Mama yangu alikuwa mjane, alikuwa na shamba moja la mahindi na mbwa mmoja wa kulilinda, akiitwa Ndevu kwa sababu ya manyoya yaliyomning'inia kidevuni kama mzee wa kanisa. Ndevu naye alikuwa na haki yake isiyopingwa na mtu: siku ya kuchinja, mwenye kisu hukata pafu, hulinyanyua juu kwa mkono wa kulia ili wote waone, kisha humrushia mbwa. Pafu halikupikwa wala halikupewa mtu. Lilikuwa la mbwa, basi.

Sasa chifu akatangaza kwamba daktari wa mifugo, Mzungu aliyekaa Same, atapanda kuja kusema na wenye mbwa, maana kuna mama wa kijiji jirani alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini akatolewa kifuko cha maji kikubwa kama kichwa cha mtoto, na ilisemekana ugonjwa huo asili yake ni mbwa. Na siku hiyo kila mbwa afungwe kamba. Atakayeonekana bila kamba atapigwa risasi.

Asubuhi mama akanipa kamba. "Mfunge Ndevu kwenye nguzo. Umfunge kweli, siyo mambo yako ya kusoma."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijiuliza (na huo ndio ugonjwa wangu mimi, kujiuliza), hivi mbwa aliyefungiwa jikoni na mbwa aliyefungwa kamba shingoni wana tofauti gani? Amri inataka asizurure, akiwa jikoni atazurura wapi? Nikamsukuma ndani, nikaegemeza kijiti mlangoni, kamba nikaiacha pale pale kizingitini, nikaenda zangu nikiona nimeishinda serikali.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Daktari alikuwa na meza, beseni la bati lililofunikwa kitambaa, na msaidizi wake aliyebeba bunduki begani kama jembe. Kiswahili cha daktari kilikuwa cha amri tupu: "Mbwa hapana kula mbichi! Mbwa hapana lamba mtoto! Nawa mikono!" Wazee walimtazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha chuoni kwamba hakuna atakayemsikia kwa namna hiyo, kwamba hajamwuliza hata mtu mmoja kwa nini mbwa hupewa pafu, na kwamba kama ataniruhusu, nitawaeleza mimi, kwa Kipare, waelewe.

Akanitazama toka viatuni (vilikuwa na visigino, vya Kampala) hadi kichwani, akacheka kidogo, akanisogezea beseni. "Karibu, mwalimu."

Basi nikafundisha, jamani! Nikawaeleza kwamba kondoo mgonjwa ana vifuko vya maji kwenye mapafu na maini, mbwa akivila vinakuwa minyoo midogo tumboni mwake, mayai ya minyoo hutoka na choo cha mbwa, hushika kwenye manyoya na ulimi wake, na wewe ukimshikashika kisha ukala ugali bila kunawa, umeyameza. (Na mimi je, nilimwuliza mtu yeyote swali lolote? Hata. Nilikuwa daktari yule yule, tofauti ni sketi.) Kisha, ili waone kwa macho, nikatoa pafu la kondoo kwenye beseni, lenye vifuko vyake vinavyong'aa, nikalinyanyua juu. Kwa mkono wa kulia.

Ndevu alikuwa ameshaangusha kijiti zamani. Alikuwa amekaa nyuma ya umati, mtulivu, akisubiri kama mshiriki mwingine yeyote. Alipoona mkono umepanda, alijua anaitwa.

Alikuja akipita kati ya miguu ya watu, akaruka, akadaka. Na mimi, badala ya kuachia, nikashika! Tukavutana, yeye ananguruma, mimi namwambia "Acha! Acha!" kwa Kipare, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza, kisigino kikakatika, meza ikaenda, beseni likaenda, sketi ikachanika hadi pasipotajika, nikakaa chini pwaa! Ndevu akakimbia na pafu hadi pembeni ya uwanja akalimeza bila kutafuna.

"Hilo ndilo somo?" mzee mmoja akauliza. "Sasa tumeelewa."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Lakini msaidizi hakucheka. Aliishusha bunduki begani. "Mbwa huyu ni wa nani?"

Nikamwona mama kwenye umati, ameshika kichwa. Nikaona na shamba letu, mahindi yameanza kubeba. Na mimi mjuzi, mwenye Kiingereza, nilisema nini? Nilisema, "Simjui."

Ndevu, kusikia sauti yangu, akarudi mbio akitikisa mkia, akanipandia mapajani na kunilamba uso mzima, mdomo, pua, macho, kwa ulimi ule ule niliotoka kuwaeleza habari zake.

"Yeye anakujua," msaidizi akasema. "Ondoka hapo, dada." Akavuta komeo la bunduki.

Nikamkumbatia mbwa. Na ndipo Bibi Naetwe, jirani yetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasinzia juu ya mkongojo wake kando ya mama, akasimama na kuuliza swali lile. Alianzia kwa mbwa au kwa kondoo? Maana kama mbwa anaupata kwa kondoo, na kondoo anaupata kwa mbwa, nani alimwambukiza wa kwanza?

Daktari akaniuliza bibi amesema nini, nikamtafsiria, uso wake ukang'aa kama mtoto aliyeletewa sukari. Akamwinulia msaidizi mkono, ngoja kwanza! Katika safari zake zote milimani, alisema, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali. Akaokota kijiti, akachora ardhini mbwa, akachora kondoo, akachora mishale, akaeleza, mimi nikitafsiri, mpaka jasho likamtoka (na wala hakujibu), na kila daktari akinyamaza, Bibi Naetwe anasema, "Hapo sijaelewa, rudia."

Alipomaliza, msaidizi aligeuka na bunduki yake. Ndevu hakuwa mapajani kwangu tena. Alikuwa amekaa chini ya nguzo ya bendera, shingoni ana kanga ya mama, imekazwa mafundo matatu.

"Bwana, huyu hakuwa na kamba!"

Daktari akaitazama kanga, akahesabu mafundo. "Mimi naona amefungwa," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mbwa huyu atakunywa dawa ya kutoa minyoo. Wewe kazi yako ni kinachotoka."

Dawa ile haikuchelewa hata kidogo. Nilipewa jembe na mafuta ya taa, na kijiji kizima kikabaki kunitazama nikichimba shimo, nikikusanya na kuchoma, peku, kanga ya kuazima kiunoni, kisha nikanawa kwa sabuni mara tatu huku watoto wakihesabu kwa sauti. Toka siku hiyo, nikipewa kamba nafunga. Kuuliza nauliza baadaye.

Lakini swali halikuniacha. Nilipekua vitabu, niliwaandikia wenzangu wa chuo, nilibishana na madaktari wawili, na miaka mingi baadaye, nilipofikiri nimekaribia jibu, nikapanda mlima kumpelekea Bibi Naetwe, amezeeka, haoni tena. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Swali gani hilo, mwanangu?" akasema. "Mimi mama yako alinifinya paja, akaninong'oneza niseme chochote, mpaka amalize kufunga mafundo."