Kidole Gumba Kinapopita Chini

Kwa miaka kumi na mmoja nilipiga kinanda cha kanisa letu hapa Isiolo kwa vidole vinne. Kidole gumba kilining'inia nje ya vibonye, hakina kazi. Nikipanda skeli, do re mi fa, vidole vilikuwa vimekwisha. Basi mkono uliruka, na sauti ikakatika kidogo kabla ya so. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayesikia.

Kisha akaja mke wa askari mmoja, kutoka kambi ya kule Burat. Alikotoka alikuwa mwalimu wa muziki. Jumapili ya kwanza hakuimba, alitazama mikono yangu tu. Baada ya ibada alinijia akitabasamu. "Mum, naweza kukuonyesha vidole? Bure tu."

Bure. Kazi yangu ni kukagua vibali vya mifugo. Lori linatoka Garbatulla na kibali cha mbuzi thelathini, ukihesabu unapata arobaini na tano, na dereva ndiye mwenye tabasamu pana kuliko wote. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeona mwenyeji akipoteza kiti. Na kiti kile cha kinanda kilikuwa changu, kitu pekee mjini ambacho sikupewa na serikali wala na mume.

Nilikubali, ili nimchunguze. Tulikutana saa tisa mchana, mabati yakiwaka, vumbi limepenya hadi chini ya leso ya kufunikia kinanda. Adhana ilipoanza msikiti wa jirani, tulinyamaza mpaka ikaisha.

"Do re mi na vidole tatu," alisema, "halafu kidole kubwa inapita chini, inashika fa."

Alipiga, sauti ikapanda bila kukatika. Mimi nilijaribu nikawa mzito kuliko kobe. Nikajiuliza ni nani anayefaidika nikiwa hivi, na Pasaka imebakisha wiki tano.

Kesho yake alinipa skeli ya F, ambayo do yake huanzia kibonye kingine. "Hapa kidole kubwa ingoje. Ipite baada ya kidole ya nne, ishike so."

"Jana ulisema ya tatu."

"Hiyo ilikuwa skeli ya C, Mum. Hapa fa ni kibonye nyeusi. Kidole kubwa ni fupi, ukiipeleka kwa nyeusi mkono yote inapinda."

Jana tatu, leo nne. Kibali kinachobadilika mkononi mwa mwenyewe huwa sikijadili. Niliona nimemshika.

Nilimwendea mchungaji. Nilisema yule mgeni anavuruga mikono yangu Pasaka ikiwa karibu, na kwamba nashangaa haraka yake ya kusogelea kinanda. Mchungaji wetu huogopa ugomvi wa kina mama kuliko ukame, akamwomba apumzike kidogo. Hakubisha. Alinisalimia, akanipa karatasi aliyoandika nambari za vidole vya mikono yote miwili, na baadaye nikasikia anasali kanisa lingine, hukohuko Burat.

Karatasi ile niliifanyia ukaguzi. Nilipiga kila skeli kama ilivyoandikwa, alasiri baada ya alasiri, nikitafuta mahali aliponichimbia shimo. Sikupata. Wiki ya nne kidole gumba kilipita chini chenyewe, so ikatoka imeshikana na fa, nami nikaondoa mikono haraka kana kwamba nimeshika cha mtu. Niliona aibu, aibu ya kumfanya mtu mzima achungulie mlangoni.

Kwaya sikuwaambia. Mazoezini niliendelea kuruka, ili siku yenyewe niwashangaze.

Pasaka nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Kwenye kiitikio mkono haukuruka. Kwaya ikakatika katikati ya neno, kinanda kikaenda mbele peke yake, wote wakanigeukia. Miaka kumi na mmoja walikuwa wakipumua pale ninaporuka.

"Mama, leo ulikosea wapi?" mwalimu wa kwaya aliniuliza tulipotoka nje.

Mtu mmoja tu angeweza kunijibia, na nilimfukuza mwenyewe. Nikasema vidole vinazeeka.

Jumapili iliyofuata niliruka. Wakapumua vizuri, na mchungaji akanishukuru.