Mawaridi ya Mama Langoni

Sisi tuliokulia Mamba, milimani Upare, enzi za Mwingereza, tuliijua harufu ya waridi kabla ya harufu ya sabuni ya dukani. Mama alipewa vipandikizi na mke wa mchungaji kule misheni, akavileta amevifunga kwenye jani la mgomba. Alikuwa na mekundu mazito, ya pinki madogo madogo, na meupe yaliyotambaa juu ya ua mpaka kwa jirani. Aliyamwagilia maji ya mfereji kila jioni, na ole wako mpira wa matambara ukidondokea hapo! Ukiumwa macho, unaoshwa kwa maji ya waridi. Mtoto mchanga akiogeshwa, petali zinaelea karaini. Mekundu yalianikwa, na Baba akishuka Same siku ya gulio aliwapelekea wake za wafanyabiashara wa Kiislamu, wakatengenezea marashi ya harusi na kuturudishia chupa moja. Jumapili tulipakwa tone nyuma ya sikio, tukaenda kanisani tukinukia, tumbo limejaa makande. Vijana wa leo hujimwagia manukato mpaka mbu wanapiga chafya.

Bibi yetu, mama yake Baba, aliishi kilima cha pili. Hakuwa amebatizwa, na Baba, mzee wa kanisa, alimsumbua sana kwa jambo hilo, mwishowe wakaacha kutembeleana. Kwa hiyo mawaridi yale Bibi alikuwa hajawahi kuyaona. Dada yangu Nakundwa alipochumbiwa, alimwambia Baba waziwazi kwamba hatatoka nyumbani kwenda kanisani kabla Bibi hajamwekea mkono kichwani. Baba akakubali shingo upande, akatuma mtu. Bibi akajibu kwamba atakuja.

Asubuhi ya harusi Mama alikata matawi marefu ya maua meupe, akayafunga kutoka nguzo moja ya lango hadi nyingine, yaning'inie, bibi harusi apite chini yake. Alikuwa ameona wakifanya hivyo misheni. Furaha ilimsahaulisha jambo ambalo kila mtu pale kijijini alilijua: tawi la miba likifungwa langoni, maana yake usiingie, hutakiwi.

Tulingoja. Jua likapanda, wanakwaya wakaanza kunong'ona, na Nakundwa amekaa kitini na gauni lake jeupe, hataki hata kusimama. Nikatumwa kuchungulia njiani. Nje ya lango nikakuta kibuyu cha maziwa kimewekwa chini vizuri, kimefunikwa kwa majani mabichi. Mwenyewe hayupo. Niliporudi nacho ndani, Mama alikitazama, akatazama lango, akajishika mdomo. Sijawahi kumwona Mama amevunjika moyo namna ile.

Nakundwa alitoka mbio na gauni lake, nami nyuma yake. Tulimkuta Bibi mferejini, anakwenda polepole.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Rudini, wanangu. Mwambieni baba yenu nimeona, nimeelewa."

"Ni maua, Bibi! Mama ameyapamba kwa ajili yangu!"

"Maua gani yenye miba?"

Baba alikuwa ametufuata. Tulidhani ataanza kueleza, maana maneno hayakumpungukia. Badala yake aligeuka, akapanda hadi langoni, akaanza kuyang'oa matawi yale kwa mikono mitupu, damu ikichuruzika hadi kwenye viwiko vya koti lake la kanisani. Bibi alimtazama kutoka chini, kisha akaanza kupanda. Alipofika, Baba akamwambia, "Pita, mama." Tukapita. Na mpaka Bibi alipofariki, Baba hakumtajia tena ubatizo.

Juzi mjukuu wangu aliniletea waridi moja kutoka mjini, limefungwa nailoni, limekwanguliwa miba yote. Nililinusa weee, sikupata kitu. Nilimshukuru, maana mtoto alikuwa na nia njema. Lakini niliporudi sebuleni nilitazama nje, nikaona geti letu la chuma, na chupa zilizovunjwa zilizopandwa juu ya ukuta. Mabati ya geti hayaonyeshi hata miguu ya mtu aliyesimama nje. Sijui ni wazee wangapi wa ukoo wetu wamefika hapo, wakatazama, wakarudi zao kimya kimya, na sisi tuko ndani tunaangalia runinga.